Kukamua

Ng'ombe kumi na wanne, alfajiri na jioni,
miaka thelathini na mmoja, kabla mashine haijaingia zizini.
Hesabu mwenyewe chuchu.
Nilizikamua gizani, baridi ya Januari ikinitafuna masikio,
povu likipanda ndooni hadi ukingoni.
Wobbe, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaonya wageni:
Tjitske akikupa mkono,
hesabu vidole kabla hujaondoka.

Leo nimeshindwa na chupa
isiyozidi kidole gumba changu.

Zamani, yaani hadi mwezi Machi, chupa ilikuwa laini.
Ukiigusa inaitika: tone moja, basi, lala salama.
Kisha watu wa bima wakapata nyingine ya bei nafuu
na Jelmer wa duka la dawa akanisogezea juu ya kaunta.
"Dawa ni ile ile, Bibi Hoekstra."
Kweli. Dawa ni ile ile.
Ukuta ndio mwingine.

Nalala chali, kichwa kimening'inia ukingoni mwa kitanda,
mkono hewani, unatetemeka.
Naminya. Kimya.
Naminya kwa mikono miwili, viungo vinaguna,
nalitukana jina la aliyeifinyanga,
na ghafla matone manne kwa mpigo:
moja shavuni, moja sikioni, moja mtoni mwa kulalia,
la nne paka ndiye anayejua, maana aliondoka akijipangusa.
Jichoni, hata chembe.

Wasemao chovya chovya humaliza buyu la asali
hawajaona buyu likiisha
pasipo aliyeonja.

Siku ya kumi na tisa chupa ni tupu.
Bima wananiandikia kwa adabu: kwa mwezi ni moja.
Basi siku kumi na moja nakaa hivi hivi
na ugonjwa usiouma.
Huo ndio ujanja wake, hauumi;
unaanzia pembeni, panya katika jibini,
mwenye nyumba anakuja kukuta ganda.
Juzi nilimwaga chai kando ya kikombe
nikasingizia meza.

Huko Leeuwarden, Daktari Rinsma alitazama namba zake.
"Presha ya macho imepanda. Dawa unatumia kila siku?"
"Kila siku," nikasema.
Sikudanganya. Kweli pia sikuisema.
Aliuliza tena, polepole, kana kwamba ni masikio yanayougua,
ndipo nikafungua mkoba, nikamwekea chupa kiganjani:
"Kamua."

Kijana wa watu, vidole vya kufunua makaratasi.
Akaminya. Akabadilisha mkono.
Uso ukamwiva kidogo.
Tone likamdondokea kiatuni, cheusi, kilichong'arishwa,
tukalitazama wote wawili.
Hakusema kitu. Aliandika, aliandika sana,
na barua ya mtu kama yeye, najua,
husafiri taratibu kuliko jicho linavyofifia.

Nilikuwa na ng'ombe mmoja, Bontsje, mabaka meusi, mkaidi,
hakumteremshia maziwa mwenye pupa.
Ukimvuta anafunga, ukimpigia kelele anafunga zaidi.
Mama alinifundisha: mikono kwapani kwanza,
uhesabu hadi mia, ndipo ubishe hodi.

Usiku huu nimeitia chupa kwapani.
Nimekaa ukingoni mwa kitanda na gauni la kulalia
nikihesabu, mwanamke wa miaka sabini na tisa,
anaatamia plastiki.
Mia. Nalala chali. Naishika kwa mshiko wa zizini,
gumba na shahada zinafunga juu,
vidole vingine vinafuata, kimoja baada ya kingine.
Si nguvu. Ni zamu.

Tone linachungulia,
linanenepa mdomoni mwa chupa, linasita,
taa yote ya chumba imo ndani yake, imepinduka.
"Haya, mama," naliambia,
kwa sauti niliyomwachia Bontsje.

Jicho la kulia limepata.
La kushoto, bado.